Spidomita Mpya Ndani ya Lori la Zamani: Jinsi ya Kuifunga na Jinsi ya Kuihakiki



Jumamosi moja, baada ya kazi za jamii huko Itaba, tulikaa na wananchi chini ya mti kuzungumzia usalama barabarani. Mzee mmoja alisubiri hadi wenzake walipoanza kutawanyika, kisha akanisogelea. Hakuja na swali, bali alikuja na lawama. Analo lori la Mercedes-Benz 1113, lile lenye boneti ya mviringo mbele, ambalo limemlelea watoto na kumjengea nyumba. Wiki iliyotangulia mpwa wake alikuwa ameliendesha kupitia Karusi na Muyinga, akavuka mpaka wa Kobero na kuingia Tanzania kufuata mzigo upande wa Ngara. Katika kijiji kimoja chenye kibao cha kilomita 50 kwa saa, alisimamishwa na askari wa barabarani mwenye kile kipima mwendo cha mkononi ambacho madereva wa Tanzania hukiita "tochi". Tochi ilionyesha 60. Kijana aliapa kwamba spidomita yake ilikuwa ikionyesha 50 kamili, na kwamba alikuwa akiitazama. Hakusikilizwa, akaandikiwa faini.

"Afande, mwanangu," mzee akaniambia, "ikiwa mtu anaadhibiwa kwa sababu gari lake lina namba za Burundi, ninyi mna faida gani kwetu?"

Sikumjibu palepale. Nilimuuliza jambo moja tu: spidomita ya lori hilo ni ile iliyotoka nalo kiwandani, au ni nyingine? Akajibu kwa fahari kwamba ile ya zamani ilikufa miaka mingi iliyopita, na kwamba majuma mawili kabla ya safari alikuwa amefungiwa mpya, ya elektroniki, inayong'aa usiku kama simu.

Tulikwenda na lori hilo mpaka kwenye sehemu iliyonyooka ya barabara ya lami, penye mawe ya kilomita. Mpwa wake alishika usukani, nami nikashika saa ya mkononi. Alishikilia mwendo ambao spidomita iliuita 50. Tulipopita jiwe la kwanza nilianza kuhesabu, na tulipofika jiwe la pili sekunde zilikuwa 60. Tukageuka, tukarudia kutoka upande wa pili, zikawa 60 tena. Lori linalomaliza kilomita moja kwa sekunde 60 linamaliza kilomita 60 kwa saa. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe tochi ilisema kweli, na mwongo nilimfunga mwenyewe ndani ya gari langu."

Makala haya yanatokana na maneno hayo. Madereva na wamiliki wengi wa malori ya zamani katika Gitega na Muyinga wanabadilisha spidomita, nalo ni jambo jema. Lakini spidomita mpya ambayo haikuhakikiwa ni ya hatari kuliko iliyokufa. Dereva mwenye spidomita iliyokufa anajua kwamba hajui mwendo wake, kwa hiyo huenda kwa tahadhari. Mwenye spidomita inayodanganya huenda kwa kujiamini.

Kifaa cha zamani kilifanyaje kazi?

Spidomita ya kimakanika, ile tuliyozaliwa tukaikuta, inatokana na uvumbuzi wa Otto Schulze wa mji wa Strasbourg, aliyepata hataza yake mwaka 1902. Kutoka kwenye giaboksi hutoka kebo inayozunguka ndani ya mfuko wake, kama mshipa, hadi nyuma ya dashibodi. Mwisho wa kebo hiyo kuna sumaku. Sumaku inapozunguka, huvuta kikombe chepesi cha aluminiamu kilichoshikana na mshale. Hakigusani nacho, ila mzunguko wake huzaa umeme mdogo ndani ya aluminiamu, na umeme huo ndio unaokivuta kikombe. Springi nyembamba kama unywele hukizuia kikombe kisizunguke chote. Lori likiongeza mwendo, mvuto hushinda springi kidogo zaidi, na mshale hupanda. Hakuna betri wala waya wa umeme, na ndiyo sababu kifaa hicho kiliweza kudumu miaka 30 au 40.

Hata hivyo huchoka. Vumbi la barabara zetu za udongo huingia kwenye mfuko wa kebo, grisi hukauka, na mshale huanza kurukaruka kabla kebo haijakatika. Wakati mwingine kebo ni nzima, ila jino dogo la giaboksi linaloizungusha limelika. Springi nayo hulegea kwa umri, na mshale huonyesha zaidi ya kweli.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaa kipya, mwombe fundi achomoe kebo upande wa dashibodi, kisha lori lisogezwe polepole. Ikiwa kebo inazunguka vizuri, ugonjwa uko kwenye spidomita yenyewe. Ikiwa haizunguki, chunguza kebo na jino la giaboksi. Mara nyingi kebo mpya na grisi hurudisha kila kitu katika hali yake kwa gharama ndogo. Polisi hawamlazimishi mtu kuacha kifaa cha zamani kinachosema kweli.

"Mimi nasikia kwa injini"

Yupo dereva atakayesema kwamba hana haja ya spidomita, kwa kuwa amelizoea lori lake na huutambua mwendo kwa mlio wa injini. Tunamheshimu, kwani uzoefu ni mali. Lakini sikio lina mipaka mitatu.

Kwanza, mlio wa injini hueleza mwendo katika gia moja tu. Mlio uleule katika gia ya tatu na katika gia ya tano ni mwendo tofauti kabisa. Pili, jicho huzoea. Dereva aliyetoka kwenye barabara wazi na kuingia senta yenye watu huona kana kwamba anatambaa, kumbe bado anakimbia. Tatu, wapo wanaoachia lori literemke bila gia ili kuokoa mazutu. Hapo injini hunguruma taratibu kama gari lililosimama, huku magurudumu yakikimbia. Tabia hiyo tunaikataza kwa nguvu zote, na katika nchi ya milima kama yetu haihitaji maelezo marefu. Kutoka Bugarama kushuka Bujumbura, barabara inapoteza zaidi ya mita 1,000 za kimo. Lori linalofika katikati ya mteremko huo breki zikiwa zimepata moto halina tena wa kulisaidia. Gia huchaguliwa kabla ya kuanza kushuka, na mwendo hutazamwa tangu mwanzo.

Tusisahau pia wenzetu wa baiskeli. Kila anayepita barabara hiyo amewaona vijana wanaoteremka na mikungu ya ndizi, kisha wakapanda mlima wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Kushikilia lori ni hatari na tunawaonya kila siku. Lakini dereva anayejua wazi kwamba nyuma yake kuna roho za watu ana sababu nyingine ya kujua mwendo wake kwa namba, si kwa kukisia.

Huenda mtu akasema kwamba tofauti ya 50 na 60 ni ndogo. Tuipime. Kwa kilomita 50 kwa saa, lori husonga karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 60, husonga karibu mita 17. Sekunde moja ambayo dereva hutumia kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki tayari imekula mita tatu zaidi. Kisha breki zenyewe zina mzigo mwingine, kwa sababu nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 50 hadi 60, mwendo umeongezeka kwa sehemu moja ya tano, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza imeongezeka kwa asilimia 44. Ndiyo maana Tanzania imeweka 50 katika maeneo ya makazi na 80 kwa magari mazito nje ya makazi. Ndiyo maana pia Kenya, kwa kanuni zilizotangazwa mwaka 2003, iliyataka magari ya abiria na ya biashara yafungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa.

Spidomita ya elektroniki ni nini?

Spidomita ya elektroniki ina sehemu mbili, na chakula chake ni umeme wa gari. Sehemu ya kwanza ni kihisi, ambacho mafundi wengi hukiita sensa. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko na kutuma pigo dogo la umeme kwa kila sehemu ya mzunguko. Sehemu ya pili ni kichwa kinachokaa kwenye dashibodi. Hicho hupokea mapigo hayo, huyahesabu, na kuyageuza kuwa kilomita kwa saa.

Kihisi hupatikana kwa namna tatu.

Namna ya kwanza hufungwa kwenye giaboksi, palepale kebo ya zamani ilipokuwa ikiingia. Kwa malori ya zamani hii mara nyingi ndiyo bora, maana njia imekwisha kuandaliwa na kiwanda na vumbi haliingii kwa urahisi. Hakikisha tu kwamba nyuzi za skrubu na ncha ya mhimili zinalingana na za giaboksi yako. Fundi asilazimishe kisicholingana.

Namna ya pili hutumia sumaku ndogo zinazofungwa kwenye propela, na kihisi hukaa karibu yake bila kuigusa. Hufaa pale giaboksi ilipobadilishwa au jino lake lilipokwisha. Udhaifu wake ni matope na mawe, kwa hiyo sumaku zifungwe imara na kihisi kipate kinga ya bati.

Namna ya tatu haihesabu chochote ndani ya gari, bali hupokea ishara za setilaiti kama ifanyavyo simu. Haihitaji hesabu wala marekebisho, na kwa barabara iliyo wazi husema kweli. Lakini huchelewa kidogo gari linapobadilisha mwendo ghafla, na ishara hupungua chini ya miti mizito na kwenye mabonde yenye kuta ndefu. Ni shahidi mzuri wa kuhakikia spidomita nyingine.

Umeme: pale ambapo makosa mengi hufanyika

Kabla ya waya wowote kuguswa, betri ifunguliwe. Kisha fundi ajibu maswali matatu.

La kwanza: umeme wa lori hili ni volti 12 au 24? Malori ya zamani yapo ya aina zote mbili, na yapo yaliyobadilishwa na mafundi waliotangulia. Kifaa cha volti 12 kikiunganishwa na 24 hufa siku hiyohiyo. Usiamini kibandiko, pima kwa mita.

La pili: upande gani wa betri umeunganishwa na chesisi? Karibu magari yote ya leo huunganisha hasi. Lakini baadhi ya magari ya Kiingereza ya zamani sana yaliunganisha chanya, na kifaa cha kisasa kikifungwa humo bila kujua huungua.

La tatu: umeme utachukuliwa wapi? Uchukuliwe mahali panapowaka kwa ufunguo, upitie fyuzi yake yenyewe, ndogo, inayolingana na maelezo ya kifaa. Usiunganishwe na waya wa taa au wa honi kwa kuwa tu uko karibu. Waya wa kurudi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, maana nusu ya magonjwa ya umeme katika lori kuukuu hutokana na muunganisho mbovu na chesisi. Waya wa kihisi upite mbali na bomba la moshi na mbali na nyaya nene za alteneta, usije ukaokota mapigo yasiyo yake. Na siku utakapochomelea chesisi au bodi, fungua betri na uchomoe kifaa hicho kwanza. Umeme wa kuchomelea huua elektroniki kimyakimya.

Kuhusu dashibodi, tunawashauri wenye malori haya wasikate chuma cha zamani bila sababu. Chagua kichwa chenye kipenyo kinachokaa katika tundu la awali, au tengeneza bamba la kati. Lori la miaka 50 ni kumbukumbu, na siku moja mtu atataka kulirudisha katika sura yake. Jambo kubwa zaidi ni hili: kifaa kipya kisiifunike saa ya shinikizo la hewa ya breki wala ya oili. Mwendo ukijulikana na hewa ya breki isijulikane, hatujapata kitu.

Namba iliyomponza mpwa wa mzee

Sasa turudi kwenye kilomita 10 zilizopotea.

Kichwa cha elektroniki hakijui kimefungwa katika lori gani. Lazima kiambiwe: kilomita moja ni mapigo mangapi? Magari mengi ya Kijapani yalitengenezwa kwa kipimo cha mizunguko 637 ya kebo kwa kila kilomita. Kihisi kinachotoa mapigo 4 kwa mzunguko kitatoa mapigo 2,548 kwa kilomita. Kifaa alichonunua mzee kilitoka kiwandani kikiwa na namba hiyo, na fundi aliyekifunga akaiacha ilivyo. Lakini lori la mzee si la Kijapani. Tulipohesabu, mhimili wake ulizunguka mara 531 kwa kilomita, yaani mapigo 2,124. Lori lilikuwa limemaliza kilomita nzima, na kifaa bado kikingoja mapigo mengine 424 ndipo kiihesabu kilomita. Gawanya 2,124 kwa 2,548, zidisha kwa 60, utapata 50. Hapo ndipo faini ilipozaliwa, si kwenye namba za gari.

Tairi nalo huchangia. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sogeza lori lenye mzigo wa kawaida mizunguko 10, kisha pima umbali. Ikiwa tairi za zamani zilisonga mita 30 na hizi kubwa ulizofunga zinasonga mita 31 na nusu, tofauti ni asilimia 5. Spidomita iliyokuwa sahihi kwa tairi za kwanza itaonyesha 60 wakati lori linakwenda 63. Kila unapobadilisha ukubwa wa tairi, au difu, au giaboksi, hakiki upya.

Jinsi ya kuhakiki bila mashine

Chagua sehemu ya lami iliyonyooka, tambarare, yenye mawe ya kilomita, saa ambazo magari ni machache. Tairi ziwe na upepo unaotakiwa. Watu wawe wawili: dereva atazame barabara na spidomita, mwenzake ashike saa. Dereva asishike saa wala simu kwa hali yoyote.

Shikilia mwendo mmoja bila kubadilika kutoka jiwe hadi jiwe. Kisha gawanya 3,600 kwa sekunde ulizohesabu. Sekunde 120 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 90 ni 40. Sekunde 72 ni 50. Sekunde 60 ni 60. Rudia ukitoka upande wa pili, ili upepo na mwinuko mdogo visikudanganye, na uchukue wastani. Vichwa vingi vya elektroniki vina kitufe cha kujifunza: hubonyezwa mwanzoni mwa kilomita na kubonyezwa tena mwishoni, navyo hujihesabia mapigo. Hata ukitumia kitufe hicho, hakiki kwa saa baadaye.

Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita ina busara ambayo inafaa kufuatwa na fundi wa kijijini pia: spidomita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya ule wa kweli. Ikikosea, ikosee kwa kuonyesha zaidi kidogo. Ndiyo maana fundi wa mzee, badala ya 2,124, aliweka 2,100. Tulipopima tena kwa 50, tulihesabu sekunde 73, yaani kilomita 49 na kitu. Spidomita inatangulia kidogo mbele ya ukweli, na hapo ndipo panapotakiwa.

Kihesabu-kilomita na uaminifu

Spidomita nyingi pia hubeba kihesabu-kilomita, na hapa pana jambo la haki. Lori la zamani likifungwa kifaa kipya, hesabu huanza kwenye sifuri. Mnunuzi asiyejua ataambiwa kwamba lori limetembea kilomita 4,000, kumbe limezunguka nchi tatu kwa nusu karne. Huo ni udanganyifu hata kama aliyeufanya hakukusudia.

Kabla ya kung'oa kifaa cha zamani, kipige picha kikionyesha kilomita zake. Fundi aandike kwenye karatasi tarehe, kilomita za zamani, kilomita za kifaa kipya siku ya kufungwa, na namba ya mapigo aliyoweka, kisha atie sahihi. Karatasi hiyo ikae pamoja na hati za gari, na kifaa cha zamani kihifadhiwe. Utakapokwenda kwenye ukaguzi wa kiufundi, au utakapouza, au utakaposimamishwa, maneno yako yatakuwa na mguu wa kusimamia. Karatasi haifuti kosa la mwendo, lakini huonyesha mtu mwenye nia njema. Hesabu sahihi ya kilomita itakusaidia pia kujua lori linakula mazutu kiasi gani, na lini oili ibadilishwe. Katika siku ambazo mafuta ni adimu, faida hiyo peke yake inatosha.

Ukisimamishwa barabarani

Dereva ana haki ya kuuliza kwa adabu kipimo kimeonyesha nini, na wapi. Askari naye anapaswa kumjibu kwa adabu. Ukiamini kwamba spidomita yako ilionyesha vingine, usigombane ukingoni mwa barabara wala usimtuhumu mtu kwa sababu ya nchi aliyotoka. Andika mahali, saa, na namba ulizoona. Ukifika nyumbani, hakiki spidomita kwa mawe ya kilomita kama tulivyoeleza. Ikiwa ni sahihi, unayo hoja ya kuwasilisha kwa wahusika kwa utulivu. Ikiwa si sahihi, umegundua ugonjwa kabla haujaua mtu.

Nasi polisi tunajifunza. Siku ile Itaba ningeweza kumjibu mzee kwa maneno ya kutetea kazi yetu na ya wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, naye angeondoka na uchungu wake, na lori lake lingeendelea kupita vijijini likikimbia kilomita 10 zaidi ya alivyodhani dereva. Kilichotupatanisha ni mawe mawili ya kilomita na saa ya mkononi.

Juma lililofuata mpwa wake alipita tena Kobero. Aliporudi, alinitumia salamu kupitia kwa mjomba wake: katika kijiji kilekile askari yuleyule alikuwapo, akamwangalia, akampungia mkono apite. Mzee aliongeza la kwake: "Mwambie afande kwamba sasa najua ninachokiendesha."

Mwenye lori la zamani anayetaka kuhakiki spidomita yake, na asiye na mtu wa kumshikia saa, afike kituo cha polisi kilicho karibu naye aombe msaada. Tutapanga siku, tutachagua sehemu ya barabara iliyo salama, na tutahesabu pamoja.